Kuchora asubuhi ya kijijini kwa rangi za maji, hatua kwa hatua

Kila ninapomwonyesha mtu picha ya rangi za maji, maswali ni yaleyale. Mbona zangu zinageuka tope? Nyeupe natia lini? Kwa nini jana ilikuwa imekolea na leo imepauka? Na lile kubwa kuliko yote: naanzia wapi, kwenye anga au kwa mtu? Nimeyajibu kwa mdomo mpaka nimechoka. Leo nayaandika, na badala ya kuyajibu moja moja tutachora picha moja pamoja, tangu karatasi tupu hadi mwisho.

Picha yenyewe ni hii. Asubuhi, jua liko chini upande wa kushoto. Kushoto pana nyumba ya udongo yenye paa la nyasi, nyuma yake mti mkubwa. Kamba ya nguo imetoka pembe ya nyumba hadi kwenye nguzo katikati ya ua, na imeanikwa shuka moja jeupe. Chini yake kuku watatu. Kulia inaingia njia inayopinda kuelekea mlangoni, na juu ya njia kuna mtu anarudi kisimani na ndoo iliyojaa mkononi. Basi. Ukipenda awe na jembe au mzigo wa kuni badala ya ndoo, badilisha. Hatua hazibadiliki.

Nikuambie mapema: wengi wanaoshindwa na rangi za maji hawashindwi kuchora, wanashindwa kusubiri. Nawajua watu wenye mkono mzuri sana wa penseli ambao huharibu kazi ndani ya dakika 20 kwa sababu brashi ilirudi kwenye karatasi kabla haijaitwa. Humu utakutana na neno "subiri" mara nyingi. Ukiliruka, utanirudia na swali la tope.

Vitu vya kuwa navyo

Kama pesa ni kidogo, itangulie karatasi, kabla ya brashi na kabla ya rangi. Tafuta yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, ya pamba asilimia 100 ukiipata, na yenye uso wa mikwaruzo ya wastani. Ya pamba hukaa na unyevu muda mrefu zaidi na huvumilia kusuguliwa. Ya nyuzi za mti ni rahisi kwa bei, lakini hukauka kwa mabaka na ukiisugua hutoa vumbi. Karatasi ya printa iache, ina gramu 80 tu na itakunjamana ukiionyesha maji. Ukubwa wa sentimita 28 kwa 38 unatosha, yaani robo ya karatasi kamili ya sentimita 56 kwa 76.

Rangi tano zinatosha. Majina hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda, kwa hiyo soma msimbo mdogo ulioandikwa kwenye tyubu:

- bluu ya ultramarini, PB29
- kahawia ya siena iliyochomwa, PBr7
- njano ya udongo, PY43 au PY42
- njano angavu, PY154 au PY3
- nyekundu ya waridi, PV19

Ukiuziwa nyekundu yenye msimbo PR83, irudishe. Ni nzuri siku ya kwanza, lakini hufifia ikikaa kwenye mwanga. Nyeusi hatuhitaji, na nyeupe hatuhitaji pia; nitaeleza. Zilizobaki kwenye sahani usizitupe hata zikikauka kama jiwe. Rangi hizi hushikwa na utomvu wa mgunga, na utomvu huo huyeyuka tena ukiguswa na maji. Kesho utazilowesha na kuendelea.

Brashi tatu: ya mviringo namba 10 au 12, ya mviringo namba 6, na bapa ya sentimita 2.5. Nywele za sintetiki hazina ubaya wowote. Kipimo cha brashi ya mviringo ni ncha: ichovye majini, ikung'ute mara moja, uangalie kama nywele zimejikusanya zenyewe kuwa ncha moja. Ikibaki imechanua kama fagio, hiyo ni ya kupakia gundi.

Vingine: makopo mawili ya maji (moja la kuoshea brashi, jingine la maji safi ya kuchanganyia), sahani nyeupe ambayo haitarudi tena jikoni, kitambaa cha pamba kilichochakaa, ubao unaozidi karatasi kidogo, utepe wa karatasi wa kubandikia, penseli ya HB na raba laini.

Onyo dogo lakini la kweli: usiinyooshe ncha ya brashi kwa kuilamba. Baadhi ya rangi za wachoraji zina kadimiamu na kobalti. Tumia vidole, kisha nawa.

Kwanza ujue maji

Usianze picha leo. Chukua kipande cha karatasi kilekile utakachochorea, kiloweshe kwa brashi bapa, kisha inama uangalie uso wake kwa ubavu, dhidi ya dirisha. Usifanye kitu kingine. Tazama tu.

Mwanzoni maji yametuama kama vidimbwi. Ukitia rangi sasa itaelea ovyo. Baada ya muda vidimbwi vinaingia na uso mzima unang'aa sawasawa kama kioo. Hapo rangi husambaa laini, na hapo ndipo anga hupakwa. Kisha mng'ao unapungua na kuwa kama ganda la yai: bado una unyevu lakini hauakisi dirisha. Hii ndiyo saa ya hatari. Ukigusa na brashi yenye maji, utapata alama yenye kingo za mawimbimawimbi mfano wa koliflawa, ile mboga, na haitatoka. Mwisho karatasi inakauka. Usiamini macho kwenye kukauka: weka mgongo wa kiganja karibu kabisa na karatasi. Ukihisi ubaridi, bado.

Fanya zoezi hilo mara tatu, kila mara ukigusa katika hatua tofauti. Dakika 15 za kipande hicho zitakufaa kuliko mafunzo ya saa nzima.

La pili ni uzito wa mchanganyiko. Mimi hupima kwa vinywaji: chai ya rangi, maziwa, asali. Chai ni maji mengi na rangi kidogo, kwa anga na vitu vya mbali. Maziwa ni kwa sehemu nyingi za kati. Asali ni rangi nzito kutoka kwenye tyubu ikiwa na maji kiduchu, kwa giza la mwisho. Kanuni iliyo nyuma yake ni moja: ukiingia kwenye sehemu iliyo na unyevu, brashi yako iwe na rangi nzito kuliko ile iliyoko kwenye karatasi. Nyepesi ikiingia juu ya nzito, maji yanaifukuza rangi pembeni, na koliflawa imeshachanua.

Hatua

1. Chora vijipicha vitatu vidogo. Kila kimoja kiwe na ukubwa wa kiberiti, kwa penseli, na kiwe na ngazi tatu tu: nyeupe ya karatasi, kijivu, na giza. Hapa unatafuta mahali pa mwanga na mahali pa giza, urembo haukuhusu bado. Shuka jeupe litaonekana jeupe ikiwa tu nyuma yake kuna kichaka cha giza. Mtu ataonekana ikiwa tu nyuma yake kuna shamba la mbali lililopauka. Sogeza vitu mpaka hayo mawili yatimie. Mtu asikae katikati kabisa ya karatasi. Mweke kwenye theluthi ya kulia, akielekea nyumbani.

Kosa la kawaida hapa ni kutaka kijiji kizima: ng'ombe, watoto, mlima, baiskeli, machweo. Chagua kitendo kimoja. Mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer alichora mwaka 1503 gugu na majani ya kando ya njia tu, bonge moja la ardhi, kwa rangi za maji, na watu bado wanalitazama. Ndoo moja inakutosha.

2. Bandika karatasi. Ilaze juu ya ubao, pitisha utepe pande zote nne ukilala nusu juu ya karatasi, nusu juu ya ubao. Bonyeza ukingo wa ndani kwa ukucha ili rangi isipenye. Kisha inua ubao upande wa juu kwa kitabu kimoja au viwili, ili maji yashuke yenyewe kuelekea kwako. Ubao uliolala chali kabisa huzaa vidimbwi.

3. Chora mistari kwa penseli, kidogo. Anza na mstari wa upeo wa macho, sentimita 11 hivi kutoka juu. Mstari huu utakusaidia sana: uwanja ukiwa tambarare na wewe umesimama, vichwa vya watu wote wenye kimo kama chako vinaangukia kwenye mstari huo, awe karibu au mbali. Tofauti inakuwa kwenye miguu tu. Wa karibu miguu yake iko chini zaidi kwenye karatasi. Mtoto kichwa chake kiko chini ya mstari. Ukilishika hilo, watu wako hawataonekana tena kama majitu yaliyotawanyika.

Mtu wetu awe na urefu wa sentimita 6. Kichwa chake basi kisizidi milimita 8, maana mtu mzima ana urefu wa vichwa vyake saba hadi saba na nusu kutoka utosini hadi chini. Pima kwa rula mara ya kwanza, usione aibu. Karibu kila anayeanza hutia kichwa kikubwa mno, na mtu mzima anageuka mtoto aliyevaa nguo za baba yake.

Sasa ndoo. Jaza ndoo maji, ibebe kwa mkono mmoja, upite mbele ya kioo. Utaona mwili unalalia upande usio na ndoo, bega la upande wa ndoo linashuka, na mkono mtupu unatoka nje kama unaoshikilia hewa. Mkono wa ndoo wenyewe umenyooka kabisa, hauna kiwiko. Chora huo mlalo kwanza, kwa mstari mmoja, kutoka shingoni hadi kwenye kisigino kilichobeba uzito. Ukimchora amesimama wima kama nguzo, ndoo itakuwa tupu hata ukiichora maji yakimwagika.

Uso usiuchore. Kwa kichwa cha milimita 8, jicho lolote utakalotia litakuwa kubwa kama sahani.

4. Weka alama sehemu zitakazobaki nyeupe. Rangi za maji huwa na mwanga kwa sababu karatasi inaonekana kupitia ndani yake. Nyeupe yako ni karatasi. Ndiyo maana hatukununua tyubu yake. Tia alama ndogo ya penseli kwenye shuka, ukingo wa kushoto wa kichwa na bega la mtu, mdomo wa ndoo upande wa jua, migongo ya kuku, na ukanda mwembamba kwenye paa. Hizo ni akiba. Ukizipaka kwa bahati mbaya, utaweza kuzoa rangi kidogo baadaye, lakini weupe ule wa mwanzo hautarudi wote.

5. Anga na mbali, bichi juu ya bichi. Lowesha anga yote kwa maji safi hadi kwenye mstari wa upeo, ukizunguka paa na akiba zozote zilizo juu ya mstari huo. Subiri mng'ao wa kioo. Kwa brashi namba 12, chukua chai ya bluu ya ultramarini, pitisha juu, ukiacha ipauke kadiri unavyoshuka. Karibu na upeo tia chai ya njano ya udongo iliyoguswa na waridi kidogo, kwa mwanga wa asubuhi. Mipito mitano au sita, kisha toa mkono. Karatasi ikiwa bado inang'aa, gusa kwenye upeo kwa maziwa ya bluu na siena kidogo ili kuweka miti ya mbali. Iache isambae. Vitu vya mbali viwe vya bluubluu, vyepesi, vyenye kingo laini. Hiyo peke yake inaleta umbali.

Anga itaonekana imekolea kupita kiasi. Usiogope. Rangi hizi zikikauka hupauka, kwa hiyo kitu kinachoonekana sawa kikiwa bichi kitakuwa dhaifu kikikauka. Zoea kutia giza kidogo kuliko unavyodhani inafaa.

Subiri ikauke kabisa. Mgongo wa kiganja.

6. Ardhi na nyumba. Kwa brashi bapa, paka ardhi yote chai ya njano ya udongo, ukiongeza siena kadiri unavyokuja kwako. Pita juu ya njia na ua bila kuzitenganisha. Zunguka akiba za shuka, kuku, mtu na ndoo. Katika pito la kila mstari, chini hukusanyika ushanga wa maji. Pito linalofuata liuguse huo ushanga na kuushusha. Ukifika chini, kausha brashi kwa kitambaa uunyonye. Ukiuacha, utapanda tena na kuacha alama.

Ukuta wa nyumba una pande mbili. Upande wa jua ni chai ya siena na waridi kidogo. Upande wa kivuli ni maziwa ya siena na bluu. Usizichanganye kwenye sahani mpaka ziwe rangi moja isiyo na uhai. Zitie zote mbili ukutani zikiwa bichi, zikutane hapohapo. Paa ni njano ya udongo, na ikikaribia kukauka, kokota brashi karibu kavu kutoka juu kwenda chini. Mikwaruzo ya karatasi itakufanyia kazi ya nyasi. Usichore unyasi mmoja mmoja. Nimeona mtu akikesha kwenye paa, na mwisho wa yote likafanana na kitana.

7. Mti na kichaka. Kijani usikitoe kwenye tyubu. Changanya bluu na njano angavu, kisha tia siena kidogo kukituliza. Andaa vitatu kabla ya kugusa karatasi: kimoja cha njano zaidi kwa upande wa jua, cha kati, na kimoja kizito cha bluu na siena nyingi kwa tumbo la mti. Laza brashi ubavu, gusagusa majani ya upande wa jua, kisha ukiwa bado bichi ingiza cha kati, halafu kile kizito chini na kulia. Acha matundu, ndege lazima wapite. Shina na matawi yaonekane kwenye matundu hayo tu.

Kichaka kilicho nyuma ya shuka kipake kizito, na hapa nenda polepole. Ukingo wa kichaka ndio unaochora ukingo wa shuka. Hulipaki shuka, unapaka kila kisichokuwa shuka. Kwa wengi hapa ndipo akili inapogeuka, na ikigeuka hairudi.

8. Mtu. Karatasi iwe kavu. Brashi namba 6 yenye ncha nzuri. Anza na kichwa, siena yenye bluu kiduchu, ukiacha ule ukingo wa kushoto mweupe. Kabla hakijakauka, shuka moja kwa moja kwenye mabega kwa rangi ya nguo, mfano waridi lenye siena, ziache zigusane shingoni. Ziingiliane kidogo, ndiyo inayomfanya mtu awe kitu kimoja badala ya vipande vya kubandika. Endelea hadi miguu kwa umbo la karoti: pana mabegani, jembamba chini. Mguu mmoja uwe mfupi kuliko mwingine, na mtu ataonekana anatembea. Nyayo usizichore, ziache zipotee vumbini. Ndoo ni mguso mmoja wa bluu upande wa kivuli, na mdomo wake mweupe ubaki.

Mtu huyu wote achukue miguso isiyozidi 15. Ukifika 30, umeanza kumvisha vifungo.

Kuku ni rahisi zaidi: tone la siena chini ya mgongo mweupe, nukta ya waridi kwa upanga wa kichwani, vijistari viwili kwa miguu. Mmoja ainame anadonoa. Kuku watatu walioinua vichwa wote wanaonekana wanapigwa picha.

9. Vivuli, kwa pito moja. Hapa ndipo picha inapoamka. Subiri kila kitu kikauke. Changanya bluu ya ultramarini na siena mpaka upate kijivu kinachoelekea bluu, uzito wa maziwa, na kiwe kingi, maana kikiisha katikati hutakipata tena sawasawa. Jua liko kushoto na chini, kwa hiyo kila kivuli kinaenda kulia na ni kirefu. Kuwa mwaminifu kwa hilo. Niliwahi kumaliza picha nzima ya ua, nikaitundika, na mtoto mdogo ndiye aliyekuja kuniuliza mbona kuna majua mawili.

Paka kivuli cha nyumba, cha ukingo wa paa ukutani, cha mtu, cha ndoo, cha nguzo, cha kuku. Kila kimoja pito moja, bila kurudi. Kivuli cha mtu kianzie pale miguu inapoishia, kiungane na mguu. Hicho ndicho kinachomsimamisha chini. Njia ikiwa na mashimo, kivuli nacho kishuke na kupanda. Kwenye shuka tia mkunjo mmoja au miwili ya chai ya bluu tu, na pembe yake moja iachie weupe mtupu.

10. Giza la mwisho, kisha weka brashi chini. Asali ya bluu na siena hutoa giza zuri kuliko nyeusi yoyote ya dukani. Litie sehemu chache: ndani ya mlango, chini ya ukingo wa paa, tumbo la mti, chini ya kuku, na mstari mwembamba wa kamba ya nguo (ukatize hapa na pale, usiwe waya). Simama, rudi nyuma hatua tano, tazama. Kama mkono unatafuta kitu cha kugusa, ujue picha imeisha. Ikikauka kabisa, toa utepe polepole ukiuvuta kwa pembe kuelekea nje. Ukiuvuta karatasi ikiwa na unyevu, utaondoka na uso wake.

Mambo yakiharibika

*Rangi zimekuwa tope.* Mara nyingi umechanganya rangi nne au zaidi, au umesugua sehemu ambayo haijakauka ukachokonoa tabaka la chini. Changanya mbili, kwa shida tatu. Angalia pia kopo lako: maji yakifanana na mtaro, picha itafanana nayo. Tope likishaingia, acha likauke kwanza, kisha lowesha kwa maji safi, subiri kidogo, gandamiza kitambaa bila kusugua. Ultramarini hutoka vizuri kiasi. Rangi zinazoganda kwenye nyuzi, kama bluu ya PB15, hubaki na doa.

*Koliflawa limetokea angani.* Usilikimbilie. Ukiligusa likiwa bichi unaongeza la pili. Likikauka, lainisha kingo zake kwa brashi yenye unyevu, au ligeuze wingu. Nusu ya mawingu yangu yalianza hivyo.

*Kuna mistari migumu nisiyoitaka.* Sehemu hiyo ilianza kukauka kabla hujaifikia. Andaa rangi nyingi zaidi, tumia brashi kubwa zaidi, na usipokee simu katikati ya anga.

*Karatasi imejikunja.* Ikiwa ni ya gramu 300 na maji yalikuwa mengi, ni kawaida. Picha ikishakauka, ilaze uso chini juu ya karatasi safi, lowesha mgongo wake kidogo tu kwa kitambaa, funika kwa karatasi nyingine, weka vitabu vizito juu, iache usiku kucha. Mara nyingine ikitakiwa kunyooka tangu mwanzo, iloweshe yote dakika chache kabla ya kazi, ibandike ubaoni kwa utepe wa gundi ya maji, uiache ikauke mpaka ikaze kama ngoma.

*Picha nzima imepauka.* Uliogopa giza. Ipige picha kwa simu, ondoa rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Ukiona kijivu kitupu, rudi hatua ya 9 na 10, utie pito moja la ziada kwenye vivuli vikubwa.

*Mtu anaelea.* Kivuli chake hakijagusa miguu, au nyayo zina ukingo mkali chini. Lainisha ukingo kwa brashi yenye unyevu, kisha unganisha kivuli.

*Kijani kinapiga kelele.* Pitisha chai ya siena au waridi juu yake kikiwa kavu, pito moja. Kitatulia.

*Mtu ameharibika kabisa na mengine yote ni mazuri.* Hilo huuma. Lowesha eneo lake, subiri dakika, gandamiza kitambaa, rudia mara tatu mpaka libaki doa hafifu, acha likauke kabisa hadi kesho. Kisha mchore upya juu yake, wa giza zaidi kidogo kuliko yule wa kwanza, ili afunike doa. Karatasi ya pamba itakubali. Ya nyuzi za mti ikianza kutoa manyoya, acha. Mgeuze awe kichaka, na njia ibaki inasubiri mtu.